Mawenzi haina pa kujificha: daftari la kamanda, Moshi hadi Ceres

Ijumaa, Kibosho

Likizo imeisha. Meseji ya makao makuu imeingia saa kumi na moja alfajiri, fupi tu, ripoti Arusha kesho mchana, na imenikuta nishaamka maana huku kwetu huwezi kulala, kwanza majogoo, pili ule mngurumo wa vyombo vinavyorushwa kule tambarare za Mererani unafika hadi huku migombani unatikisa mabati. Jirani yetu ana kesi ya muda mrefu na ule uwanja, anasema kuku wake wakisikia mlio wanakimbia mayai na hakuna wa kumlipa vifaranga. Kila nikija likizo ananikabidhi malalamiko upya, namwambia nitayafikisha, na kweli huwa nayafikisha, hayajibiwi.

Mama kaniwekea mtori kanikalisha chini. Haulizi vita inaendaje, anauliza tunakula nini na nani anatufulia. Nikamwambia mama kule hatufui, nguo inavaliwa mpaka ichoke halafu inatupwa, akashika kichwa.

Wa siasa ni baba mdogo. Kaja na mbege yake, kauliza hivi mnagombania nini hasa huko juu, maji? Ndiyo, maji. Ceres ni jiwe lenye upana wa kilomita 940 hivi, liko kati ya Mirihi na Mshtarii, binadamu wamelijua tangu 1801, na ndani yake barafu imejaa. Ukiyapasua maji unapata haidrojeni na oksijeni, yaani wese na pumzi humo humo, na kuyapakia kule ni rahisi kuliko kuyapandisha kutoka huku kwa sababu mvuto wa Ceres haufiki hata asilimia 3 ya wa dunia. Sasa watu wa Ukanda, yaani waliohamia huko kwenye mawe kati ya Mirihi na Mshtarii, wanasema barafu ni yao maana ndo wanaoishi nayo, sisi wa ndani tunasema mitambo tumeweka sisi. Baba mdogo akacheka sana. Akasema hiyo vita naijua, hiyo ni kama mfongo tu, wa juu wanasema chemchemi iko kwao, wa chini wanasema babu zao ndo walichimba mfereji, zamu ikivurugika usiku mmoja asubuhi watu wako migombani na mapanga. Nimekaa vikao vingi na watu wenye nyota mabegani, sijasikia mtu ameieleza vizuri hivyo.

Jumamosi, Arusha

Kilomita 80 tu lakini Tengeru leo siku ya soko, tukakaa kwenye foleni mpaka nikashuka kununua parachichi. Meru imejifunika mawingu kama kawaida yake.

Amri yenyewe: twende Ceres, tuupokee msafara wa matenki ya maji, tuulinde mpaka urudi. Msafara una tarehe yake ya kuondoka na hausubiri mtu, ukikosa dirisha sayari zinakuwa zishasogea.

Wenzangu tumekutana karibu na Mnara wa Saa. Rubani ni chalii wa Ngarenaro na jina lake ndo hilohilo, Chalii, shingoni kavaa tanzanite ndogo aliyopewa na babu yake. Fundi mkuu ni Manka, wa Machame, haongei sana ila ukigusa spana zake ataongea. Daktari ni mama Mmeru wa Akeri. Mpishi tunamwita Babu, wa Pasua, umri wa kustaafu ulishampita na hakuna aliyethubutu kumkumbusha. Na mwaka huu tumepewa kijana mpya wa upande wa rejeta, zile za kupoza meli, Dogo wa Himo, kaja na begi zima la ndizi kavu za mama yake na swali la kwanza kaniuliza, afande, kule kuna bando?

Meli yetu inaitwa Mawenzi. Sijui nani alikaa ofisini akaona meli ya vita ipewe jina la yule aliyeenda kuomba moto kwa Kibo akaishia kupigwa na mchi mpaka kichwa kikawa vile. Babu anasema jina zuri, angalau huyo alikuwa anatembelea majirani.

Jumapili, kupaa

Dakika nane na nusu za kukaliwa kifuani, basi, uko kwenye mzingo. Kurushia huku kwetu kuna faida yake, ukiwa karibu na ikweta ukaelekea mashariki dunia yenyewe inakusukuma bure mita 460 na ushee kwa sekunde, japo unahitaji kama kilomita 7.8 kwa sekunde kubaki juu kwa hiyo usifurahi sana. Waitaliano walishaliona hilo zamani, walikuwa na jukwaa lao baharini pale karibu na Malindi, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa hapo satelaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei angani, wakaiita Uhuru kwa sababu ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Chalii kila tukipita upande wa pwani anaipigia saluti.

Kibo nimeiona dirishani. Kipara. Kati ya 1912 na 2011 ilishapoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake, hicho kilichobaki ndo wazee wetu walikifaidi kwenye picha, na sisi tunapita juu yake na silaha kwenda kugombea barafu ya watu wengine.

Jumatano, tumeachana na dunia

Injini imewaka, imezimwa, sasa tunateleza tu. Saa za melini tumeziacha za Moshi, tunakula saa moja na saa saba na saa mbili usiku.

Dogo leo kaniuliza tukikutana na adui tunajificha wapi. Nikamwambia kaa hapa nikuonyeshe, maana kazi yake inahusu hilo hilo. Angani hamna hewa, kwa hiyo joto halina pa kwenda isipokuwa ulimwage lenyewe kama mng'ao, ndo maana tuna yale mabawa mawili makubwa, rejeta, yenye mabomba ya amonia, na hata kile kituo cha kimataifa cha angani cha zamani kilikuwa na mtindo huo huo. Mtambo wa umeme unatoa joto, kompyuta zinatoa, mtu mmoja aliyekaa tu anatoa kama wati 100. Usipolimwaga mnaiva. Ukilimwaga, yeyote mwenye kamera ya joto anakuona, maana nyuma yako kuna giza lenye baridi karibu ya mwisho wa baridi zote. Kwa hiyo hakuna pa kujificha. Sisi tunawaona, wao wanatuona, siku nyingi kabla ya mtu yeyote kumfikia mwenzake.

Dogo akafikiri, akasema sasa hiyo ni vita gani afande, ni kama mnaangaliana tu.

Jumatatu, tumevuka mzingo wa Mirihi

Sijaandika mda mrefu kwa sababu hakukuwa na cha kuandika. Kahawa ya Kilimanjaro ipo bado ila maji yake ni yale yale, jasho na mkojo na mvuke wa pumzi vinasafishwa vinarudi bombani, teknolojia ya zamani hiyo, 2023 kituo cha kimataifa kilishafikia asilimia 98 ya maji kurudishwa. Babu anasema hii kahawa ameinywa mara nyingi kuliko alivyoipika.

Mama nyumbani anatuma sauti. Maongezi hayawezekani tena, neno linachukua dakika nyingi kufika na mengine kama hayo kurudi, kwa hiyo anaongea peke yake kama robo saa, anaanza kwa kulalamika simsalimii, mwishoni anakumbuka kwamba nitasikia baadaye. Jirani naye kaingilia kati ya meseji kuulizia kesi ya kuku.

Alhamisi, dhoruba ya jua

Tahadhari ilitoka, tukaingia wote kwenye kibanda cha katikati kilichozungukwa na tenki za maji, maana maji yanazuia zile chembe za jua vizuri. Watu wanajua habari za Apollo lakini wachache wanakumbuka Agosti 1972, jua lilitapika vibaya sana, na bahati ilikuwa kwamba Apollo 16 ilisharudi Aprili na Apollo 17 ilikuwa ya Desemba. Hakukuwa na mtu njiani.

Tumekaa mule magoti kwa magoti. Karata ziliisha utamu ndo yakaanza maongezi ya nani hasa tunapigana naye. Chalii ndo kayaleta. Tanzanite ilipatikana Mererani 1967, na tangu enzi hizo wachimbaji wake wanaitwa wanaapolo, sasa Ukanda ulipofunguliwa kampuni zikaenda kuajiri wapi? Kwa watu waliozoea shimo jembamba, giza, na kudai mshahara. Babu yake Chalii alibaki, kaka wa babu akaenda na hakurudi. Kwa hiyo, akasema, kule mbele kuna watu wana pua kama yangu.

Manka akasema pua haina shida, shida ni kidole kilichopo kwenye kitufe.

Jumamosi

Kuna nukta kwenye kamera ya joto. Tumeijua kwa siku kadhaa, leo kompyuta imemaliza hesabu: chombo cha Ukanda, njia yao karibu ni yetu, wanaelekea Ceres pia ila polepole kidogo, tunawakaribia kwa mita 340 kwa sekunde, mwendo wa sauti hewani. Kwa angani huo ni mwendo wa kutembea.

Wanatuona. Hakuna aliyeongea na mwenzake. Nimelala kidogo sana.

Jumapili

Naandika kwa vipande.

Saa tano na dakika kumi usiku Chalii akasema, afande, wamefyatua. Umbali kilomita 9,000. Mzinga wao wa sumaku unatema kokoto, zinatujia kwa kilomita 3 kwa sekunde, na kwa mwendo huo kilo moja ya jiwe ina nguvu kama ya kilo moja ya TNT. Piga hesabu: dakika 50. Dakika 50 nzima unajua kitu kinakuja, umeshafanya yote ya kufanya, unasubiri.

Cha kufanya ni kusogea. Ukijisukuma pembeni mita moja tu kwa sekunde, baada ya hizo dakika 50 uko kilomita 3 kutoka pale walipolenga. Na wao wanajua, kwa hiyo hawatupi jiwe moja, wanamwaga eneo zima. Tukasogea, tukarusha kombora letu, nikamwambia Babu agawe chai. Daktari alifunga mikanda ya kila mtu kwa mkono wake. Nilimtuma Dogo chumba cha pampu kukaa kwenye valvu, ndo kazi yake na ndo mahali pake wakati wa mapigano.

Kokoto nyingi zilipita. Moja ikapita kwenye rejeta ya kushoto na ukuta wa chumba cha pampu. Hatukusikia mlio mkubwa, kama mtu kagonga sufuria. Valvu ilikuwa imefungwa. Aliifunga yeye, taa ya paneli inaonyesha ilifungwa kabla ya hewa kuisha mule, na bila hivyo amonia yote ingemwagika na sisi wote tungeiva humu ndani taratibu. Manka ndo aliyemtoa.

Kombora letu lilipasuka karibu yao. Tuliona kwenye kamera, mtambo wao ukafifia, umeme ukakata.

Kisha redio. Masafa ya dharura, sauti ya mama mtu mzima, Kiswahili cha Mererani kabisa, hakijapoteza kitu. Mawenzi, Mawenzi, mnanipata? Huku tumekwisha. Tupo kumi na moja, mashine ya kusafisha hewa imezima, tutafika kesho jioni tukijibana.

Nikabonyeza kitufe nijibu na kilichotoka mdomoni ni shikamoo mama.

Ikapita kimya. Halafu, marahaba mwanangu.

Hakuna aliyecheka. Nikamwambia tutawarudia, nikafunga redio, nikaita watu.

Hesabu ilikuwa hivi. Baharini ukikuta watu wanazama unasimama unawatoa. Huku kusimama kunanunuliwa. Ili tuwafikie tukiwa na mwendo wao lazima tutoe ile mita 340 kwa sekunde yote, akiba yetu yote ya wese inaenda humo na kidogo zaidi, halafu tunakuwa kwenye njia yao inayofika Ceres ikiwa imechelewa, msafara umeshaondoka bila sisi. Tusipofanya kitu, saa saba na dakika ishirini tangu wafyatue tunapishana nao na hiyo nafasi hairudi.

Chalii alitaka tuwachukue. Daktari pia. Babu akasema kwetu mtu akikuletea isale, lile jani la kuomba msamaha, hata kama amekuulia ng'ombe, hata kama amekuulia mtu, hukatai, unakaa naye mnaongea. Manka alikuwa bado ana damu ya Dogo kwenye mikono ya suti. Akasema isale inaletwa na mtu kwa mkono wake, anakuja mlangoni, anainama. Haitumwi kwa redio dakika kumi baada ya kuua. Na matenki yale mnayoyaacha bila ulinzi yana watu ndani, hao nao nani anawaletea isale?

Ana haki kwa kila neno. Sikuwa na jibu la kumshinda na sina mpaka sasa.

Kilichonifanya niamue ni ile skrini. Tungewaacha, tungeendelea kuwa nao. Hakuna mlima wa kupita nyuma yake, hakuna usiku. Kamera ya joto ingewaonyesha vijana wangu ile nukta kila zamu, kwanza joto la mtambo linaisha, kisha joto la kuta, kisha lile la watu kumi na moja, wati 100 kila mmoja, mpaka inabaki rangi moja na giza. Ningeweza kuizima kamera lakini hiyo ndo inayotulinda. Kwa hiyo ningemwamuru mtu akae mbele yake aangalie. Watu waliopigana vita za zamani huku kwetu, walioua msituni wakaondoka, walipewa kitu ambacho sisi hatuna, waliweza kugeuza shingo.

Nikatuma ujumbe makao. Sikuuliza, niliwaambia naenda kuwachukua na kwa nini. Meseji inachukua dakika 18 kufika na mimi sikuwa na dakika 36 za kusubiri pamoja na kikao chao. Injini tukaiwasha saa nane usiku.

Jibu limekuja asubuhi. Wanasema imepokelewa, nitume fomu ya matumizi ya mafuta.

Jumatatu

Wameingia mmoja mmoja kupitia bomba la kuunganishia. Nilikuwa mlangoni na bastola kama kanuni inavyotaka, nikajiona mjinga. Mama mwenyewe ni mfupi, mvi, kapanda wa mwisho na kakataa kushikwa mkono. Babu yake alikuwa mwanaapolo, amezaliwa Ukandani, Mererani hajawahi kuikanyaga na anaijua mitaa yake kwa hadithi. Kijana wao mmoja ameungua mikono, Daktari kamchukua.

Mama akauliza kama kokoto zao zilitupata. Nikamwambia moja. Akauliza kama ilichukua mtu. Nikamwambia ndiyo. Hakusema pole. Alisema jina lake nani, nikamwambia, akalirudia taratibu, na wale wenzake nyuma yake wakavua kofia za suti.

Sasa kuna tatizo la hewa. Mtu mmoja anatoa kama kilo moja ya hewa chafu kwa siku na mashine zetu zilipimwa kwa idadi yetu sisi. Kwa hiyo mazoezi marufuku, kazi zisizo za lazima marufuku, watu wakae. Kichwa kinauma wote. Meli yenye silaha imejaa watu wamekaa chini wanatazama sakafu.

Jumatano

Manka haongei na mimi zaidi ya ndiyo afande na hapana afande. Anaongea na fundi wao, kwa sababu rejeta moja tu haitoshi kwa watu wote hawa na kwenye chombo chao kuna paneli nzima zimebaki. Wametoka nje wawili, yeye na huyo fundi, wanakata mabomba kule na kuyaunga huku. Nimewasikiliza kwenye redio mda wote, nipe kumi na tatu, siyo hiyo, shika hapo, hivyo hivyo. Hakuna neno jingine. Joto la ndani limeanza kushuka saa kumi jioni.

Chakula nacho. Babu kaja kunong'ona kuhusu begi la ndizi kavu la Dogo, kwamba watu wameongezeka na zile ndizi zingesaidia. Manka alikuwa ashalifungia kabatini mwake. Nikamwambia Babu lile begi linarudi Himo lilivyo, punguza sehemu za kila mtu, anza na yangu. Akaguna. Jioni kapika mtori wa unga, mama wa Ukanda kaonja kasema una chumvi nyingi, wakabishana karibu saa nzima, na ni mara ya kwanza nimesikia sauti za watu zinapanda humu ndani tangu siku ile.

Jumamosi

Barua kwa wazazi wa Dogo. Jeshi lina barua yake tayari, unajaza jina na tarehe, inazungumzia ushujaa na taifa. Nimeiweka pembeni. Nimewaandikia kuhusu valvu, kwamba taa ya paneli inathibitisha aliifunga, na kwamba sote tuliobaki tunapumua kwa sababu hiyo. Nimewaandikia aliniuliza kama kuna bando. Nilifuta, nikairudisha, mama yake atamsikia humo.

Palipokuwa pagumu ni hapa: niwaambie kwamba watu waliomuua wako kwenye meli hii, wanakula chakula chetu na kulala kwenye vitanda vyetu, kimoja kikiwa cha kwake? Daktari amesema nisiwatwishe. Nimemuuliza Manka, nikitegemea atasema ndiyo afande. Akasema waambie. Wasije wakasikia kwa mtu wa sokoni.

Nimewaambia. Nimeandika na sababu, lakini sikuwaomba wanielewe. Baba yake atajua mwenyewe afanye nini na habari hiyo, akitaka kuja Kibosho kunitafuta njia anaijua.

Imetumwa saa tatu usiku.

Jumanne, Ceres inaonekana

Ni nukta yenye umbo sasa, ya kijivu, na yale madoa meupe ya kreta ya Occator yanang'aa kwa chumvi zake. Chalii ananionyesha mlima wao mkubwa, Ahuna Mons, kilomita 4 hivi kwenda juu, nikamwambia hata Meru inauzidi. Msafara umeshaondoka. Tumeuona kwenye kamera, matenki yamepangana yanaelekea ndani, meli nyingine imetolewa mahali kwenda kuyalinda na kamanda wake kanitumia meseji ya matusi ambayo namwelewa.

Makao wamejibu sasa kwa urefu. Wageni wetu wakabidhiwe bandarini kama mateka, mimi nijiandae kwa mahojiano, meli ibaki gati mpaka rejeta ifungwe upya. Nimemsomea mama wa Ukanda sehemu inayomhusu. Kauliza tu kama kijana wake wa mikono atatibiwa kwanza. Nimemwambia Daktari atashuka naye na hatamwacha mpaka apokelewe, na Daktari akasema hilo hata nisingeliamuru angelifanya.

Manka kaja na karatasi za mabomba aliyoyakata kule, nisaini kwamba ni mali ya adui iliyotumika kwa dharura. Nimesaini. Kaniuliza kama barua ya Himo imejibiwa, nikamwambia bado. Akasema ikija aione.

Kesho saa nne asubuhi tunawasha injini kupunguza mwendo na wese lililobaki ni la mara moja tu, kwa hiyo kila mtu afunge vitu vyake leo, pamoja na Babu na masufuria yake, na wageni wafungwe mikanda kwenye vitanda vya nyuma kabla yetu sisi.